Faili la Alhamisi

Kibondo, 12 Oktoba 2015

Ndugu Hilali Khatibu,

Hatujuani. Naitwa Verediana Rwegasira, karani wa takwimu katika shirika ulilolifanyia kazi Kasulu mpaka kambi ya zamani ilipofungwa mwaka 2012. Sasa Warundi wamerudi. Safari hii wamewekwa kambi ya Nduta, nasi tumefungua ofisi hapa Kibondo. Nimekupigia simu mara sita, inaita tu. Ridhiwani, kondakta wa basi la asubuhi, anasema anakufahamu, na kwamba simu huipokei lakini bahasha hujawahi kuikataa. Ndiyo maana naandika.

Tumeletewa boksi lako kutoka stoo ya Kigoma. Ndani kuna diski moja yenye mwandiko wako: "Databesi ya watoto waliopotezana na wazazi. Bakapu, Ijumaa 30/11/2012." Seva yenyewe haipo, iliuzwa kwenye mnada pamoja na meza. Nimejaribu kurejesha databesi kutoka kwenye hilo faili la nakala ya akiba na kompyuta inagoma. Inasema haina ruhusa ya kulifungua, kosa namba 5. Nimeingia kwa jina la msimamizi mkuu. Sasa kama mimi sina ruhusa, anayo nani?

Siulizi kwa udadisi. Kuna mama anakuja dirishani kwangu kila Jumatatu. Desemba 2012 alipandishwa lori la kurudi Burundi huku mtoto wake akiwa amelazwa hospitali Kasulu. Anataka kujua nani alimchukua. Jibu, kama lipo, limo ndani ya databesi yako. Bwana Japhet, mkuu wetu wa ofisi, ametupa mpaka tarehe 30 Novemba. Baada ya hapo diski zote za zamani zinapelekwa Dar es Salaam kufutwa, na madai yasiyo na kumbukumbu yanafungwa.

Nisaidie tafadhali.

Verediana Rwegasira


Kasulu, 15 Oktoba 2015

Bi. Verediana, salaam.

Bahasha yako imefika ikiwa nyekundu kwa vumbi, nikajua ni ya Kibondo kabla ya kuisoma. Simu nisamehe. Maelekezo ya kompyuta yakisemwa kwenye simu hugeuka njiani, ukamwambia mtu "nakili" yeye akafuta. Karatasi haibishani. Na umefanya vizuri kuniandikia kosa lilivyo, bila kulipaka rangi. Mficha maradhi kifo humuumbua, hata kwenye mashine.

Kosa lako ni dogo. Umeingia wewe kwa jina la msimamizi, sawa, lakini anayefungua faili si wewe. Ni ile programu ya databesi, nayo ina jina lake na ruhusa zake. Wewe bila shaka umeliweka faili kwenye nyaraka zako binafsi, yeye huko haingii. Mgeni umemkaribisha chakula lakini umekiweka chumbani kwako. Lihamishie kwenye folda ambayo programu yenyewe hutunzia bakapu, kisha ujaribu tena.

Karatasi ina doa la chai, ni kazi ya binti yangu Kudra. Ana miaka minne na anataka kila ninachoandika aandike na yeye.

Huyo mama anaitwa nani?

Wako,
Hilali Khatibu (Baba Kudra)


Kibondo, 20 Oktoba 2015

Kaka Hilali,

Asante. Nimelihamisha, na kosa namba 5 limeondoka. Limekuja jingine: faili limetengenezwa na toleo la programu jipya kuliko la kompyuta yangu, haliwezi kurejeshwa hapa. Kompyuta hii tumepewa msaada na ni ya zamani kuliko bakapu yako. Kwa nini ujumbe huo haukuja tangu mwanzo sijui, labda mashine nazo hupenda kutoa habari mbaya kidogo kidogo.

Mama anaitwa Immakulata Nibigira. Mtoto ni wa kike, anaitwa Kaneza, wakati ule alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Alilazwa kwa malaria iliyommaliza damu. Mama alikuwa na wengine wawili mkononi na lori lilikuwa linaondoka. Baadaye aliandika barua mbili kutoka Makamba. Zilirudi, ofisi ilikuwa imeshafungwa.

Msalimie Kudra. Mwambie doa lake nimelihifadhi kwenye jalada rasmi.

Verediana


Kasulu, 2 Novemba 2015

Bi. Verediana,

Nimechelewa. Kulikuwa na uchaguzi, kisha umeme, kisha homa. Vyote umevisikia kwa wengine, sitakuchosha.

Toleo jipya halirudi nyuma. Faili la programu ya zamani husomwa na programu mpya, lakini la mpya halisomwi na ya zamani. Dawa yake ni kuweka toleo linalolingana. Nimempa Ridhiwani sidii yake, imo kwenye bahasha hii. Kuiweka kutakuchukua siku nzima kwa kompyuta uliyonieleza, basi usiwe na pupa. Haraka haraka haina baraka.

Hilali (Baba Kudra)


Kibondo, 9 Novemba 2015

Kaka Hilali,

Siku nzima ulisema. Zilikuwa mbili na nusu, kwa sababu jenereta inazimwa saa saba mchana ili dizeli ya kesho ibaki.

Toleo limekubali. Kosa la tatu: programu ilitaka kuweka databesi kwenye diski D, kama ilivyokuwa kwenye seva yako, na mimi sina D. Hilo sikukuandikia. Nilisoma maelezo mwenyewe, nikaiambia iweke kwenye C. Imefunguka! Nilisimama peke yangu ofisini nikapiga makofi, Bwana Japhet akachungulia mlangoni akaondoka.

Kuna watoto 4,316. Kaneza hayumo.

Nimetafuta kwa jina lake, kwa jina la mama, kwa hospitali, kwa umri. Kumbukumbu ya mwisho ni ya Ijumaa tarehe 30 Novemba. Immakulata anasema mtoto alilazwa Jumatatu tarehe 3 Desemba, na lori lake liliondoka Jumanne. Kwa hiyo bakapu hii ilichukuliwa kabla hajapotea.

Kwenye kifuniko cha boksi umeandika kwa kalamu: "Ijumaa, nzima. Siku nyingine, mabadiliko tu." Nimeuelewa utaratibu wako: kila Ijumaa ulinakili databesi yote, na siku za katikati ulinakili yale tu yaliyoongezeka tangu Ijumaa. Basi mabadiliko ya wiki ile ya mwisho yako wapi? Ndani ya boksi hamna.

Na jambo moja nakuambia bila ugomvi. Majibu yako yote ni sahihi, ila kila jibu linafungua mlango mmoja tu. Databesi hii uliijenga wewe. Ungeweza kunitajia milango yote tangu barua ya kwanza.

Zimebaki siku ishirini na moja.

Verediana


Kasulu, 16 Novemba 2015

Bi. Verediana,

Ni kweli, Ijumaa ilikuwa nzima na siku nyingine mabadiliko. Wiki ile Ijumaa hatukuifikia. Alhamisi tarehe 6 tuliambiwa tufunge, wakaja wabeba meza. Mabadiliko ya siku nne hizo nadhani yalikuwa kwenye diski iliyoharibika. Sioni njia.

Nakushauri umfungulie huyo mama kumbukumbu mpya kwenye databesi mpya.

Hilali (Baba Kudra)


Kibondo, 18 Novemba 2015

Kaka Hilali,

Nimekusoma. Nilitaka kufunga jalada, nikaona kwanza nimweleze Immakulata ana kwa ana. Nimeenda Nduta jana.

Nilimwambia faili la siku hizo limeharibika. Hakulia. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, nami nakuandikia kama alivyosema: "Haliwezi kuharibika, dada. Yule fundi wa ofisi aliniambia. Alikuwa na kofia ya kufuma, amebeba waya begani. Alikuja mpaka kwenye lori, akasema, panda mama, mtoto nimeshamwandika kwenye mashine, mashine haisahau. Ndiyo nikapanda. Bila hivyo nisingepanda, hata kama wangeniua hapo hapo."

Nikamwuliza kama alimwamini. Akasema, "Ndarindira." Ndiyo kusema, nangoja. Miaka mitatu anasema hivyo hivyo.

Kofia ya kufuma na waya begani. Fundi kwenye ofisi ile alikuwa mmoja. Ulikuwa wewe?

Ulinifundisha mwenyewe kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sijui unaficha nini, na labda hufichi kitu. Lakini zimebaki siku kumi na mbili, na mimi sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Verediana


Kasulu, 23 Novemba 2015

Dada Verediana,

Nilikuwa mimi.

Nitaanza na kazi, kwa sababu hilo naliweza. Hii ni milango yote kwa mara moja.

Databesi uliyoifungua ifute. Usiogope, bakapu ya Ijumaa unayo. Ulipoirejesha uliiruhusu ifunguke kwa matumizi, na ikishafunguka haipokei mabadiliko tena, hata uifanyeje. Irejeshe upya, lakini safari hii iamuru ibaki imefungwa, ingoje. Itaandika kwamba iko katika hali ya kurejeshwa. Mtu asiyejua hudhani imekwama. Haijakwama, inangoja faili la pili. Hapo ndipo unaipa lile la mabadiliko ya Alhamisi tarehe 6, na ni baada ya hilo tu unairuhusu ifunguke. Faili la Alhamisi lina nywila. Ni herufi ndogo tupu, bila nafasi: kaneza0412.

Umeshaelewa.

Wodi ile mke wangu Mwanaheri alikuwa akipeleka uji kila asubuhi. Tulikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto. Jumanne lori lilipoondoka, yule mtoto hakuwa na mtu hata wa kumgeuza kitandani. Jumatano, siku moja baada ya kumwambia mama kwamba nimeshamwandika, niliandika kumbukumbu yake kwa mkono wangu, kwamba tunamchukua sisi kwa muda, kweli tupu. Alhamisi nikachukua bakapu ya mabadiliko kama kawaida. Mwanaheri akaniuliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikamwambia amekufa njiani. Sijui uongo huo ulitoka wapi. Nilikwisha kusema, nikaona uso wake, nikashindwa kulirudisha neno, naye akamchukua mtoto nyumbani.

Diski ya Ijumaa nikaiweka kwenye boksi. Faili la Alhamisi nikaondoka nalo mfukoni. Sikulifuta, dada. Miaka mitatu ningeweza kulifuta kwa kidole kimoja na sikulifuta. Ulipoandika nikakupa mlango mmoja mmoja, na kwa kila mlango nikapata wiki moja zaidi na mtoto. Hesabu hiyo uliiona mwenyewe.

Sasa usinicheke. Flashi yenye lile faili siioni. Ilikuwa kwenye kopo la vifungo, ndani ya droo ya cherehani. Nimeitafuta siku mbili, nimemwaga kopo lote sakafuni. Nywila unayo na njia unayo, lakini faili sina la kukupa. Huenda ndiyo adhabu yangu, niseme kweli isiyo na ushahidi.

Hilali


Kasulu, 23 Novemba 2015

Kwa dada Verediana wa Kibondo,

Mimi ni Mwanaheri, mke wa Hilali. Kuandika si kazi yangu, mimi ni fundi cherehani, utavumilia.

Barua yako ya tarehe 18 nimeikuta kwenye koti lake nikitaka kulifua. Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma tena nimekaa. Mtoto huyu nilimchukua nikijua mama yake amekufa. Ndivyo nilivyoambiwa, na kila Alhamisi jioni nimekuwa nikimwombea marehemu yule mwanamke. Kumbe yu hai anachambua maharage.

Ile flashi nyekundu naijua. Miaka mitatu naiona kwenye kopo langu la vifungo, na kila nikiuliza naambiwa ni mambo ya kazi. Nimeitoa. Imo humu, nimeifunga kwenye kitambaa isipate vumbi. Hilali hajui. Anaitafuta, amemwaga vifungo nyumba nzima, nami namtazama tu. Nadhani anataka kuivunja. Nimeona niitume kabla hajaipata.

Kuna kitu nataka umwambie mama yake. Damu ilirudi, ni mzima. Uji haupendi, anapenda dagaa. Mvua ikipiga bati anaziba masikio na kuimba kwa nguvu mpaka ipite, wimbo wake mwenyewe hauna maneno. Tunamwita Kudra. Jina lake la kwanza sikuwahi kuambiwa.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sikuzaa, lakini tangu juzi nimeujua. Na kama mimi wa miaka mitatu naumia hivi, yeye je?

Mwanaheri


Kibondo, 26 Novemba 2015

Kaka Hilali na dada Mwanaheri,

Naandika barua moja kwa wote wawili, na naomba muisome pamoja mezani. Ridhiwani alinikabidhi bahasha mbili kwa mkono mmoja. Akasema, "Hizi zimetoka nyumba moja, ila kila mmoja amenionya nisimwambie mwenzake."

Katika moja mlikuwa na nywila, katika nyingine mlikuwa na flashi. Kaka, aliyeichukua ni mkeo. Dada, alikuwa haitafuti ili aivunje. Mengine mtaambiana wenyewe.

Nimefuta, nimerejesha Ijumaa nikaiacha ikingoja, nikaipa Alhamisi. Imekubali mara ya kwanza. Hii ndiyo kumbukumbu, naiandika kama ilivyo:

Namba: 4,329. Jina: Kaneza. Jinsia: ke. Umri: mwaka 1, miezi 3. Mama: Immakulata Nibigira, ameondoka na msafara wa 4 Desemba 2012. Mtoto yuko kwa: Hilali Khatibu na mkewe, Murusi, Kasulu. Maoni: Kwa muda. Mama akija apewe mwanawe siku hiyo hiyo. Nimeandika mimi mwenyewe, H. K.

Nina la kusema na nitalisema bila kupandisha sauti. Faili la Alhamisi lina watoto kumi na watano. Kumi na wanne hawakuwa nyumbani kwako, kaka. Nao walikaa miaka mitatu ndani ya kopo la vifungo. Watatu kati yao majina ya wazazi wao nimeyaona kwenye orodha ya Nduta leo asubuhi, na nimeanza kupiga simu. Sijui hasira yangu niiweke wapi, kwa sababu kama ungelifuta lile faili, hata hao wasingepatikana.

Bwana Japhet amesoma kila kitu. Diski haziendi kufutwa. Suala lako litapelekwa kwa wahusika na utaulizwa, sitakuficha. Afisa ustawi wa jamii atakuwepo ofisini Jumatatu tarehe 30, saa nne. Mama hupata nafasi ya gari la ofisi kutoka Nduta siku hiyo kama kawaida. Sijamwambia. Nitamwambia nikiwaona ninyi mlangoni, maana amengoja vya kutosha na sitaki angoje basi lenu pia.

Mje na mtoto. Msipokuja, gari litakuja kwenu.

Verediana


Kasulu, 28 Novemba 2015

Dada Verediana,

Tumeisoma mezani kama ulivyosema. Jioni Mwanaheri alisema neno moja tu, "Kumi na wanne." Wakiniuliza nitasema kama nilivyokuandikia.

Gari msilete. Tunakuja wenyewe, basi la Ridhiwani. Nimekata tiketi tatu za kuja na mbili za kurudi. Ridhiwani alisema mtoto wa umri ule hupakatwa, hana haja ya tiketi. Mwanaheri akakataa, anataka akae kwenye kiti chake mwenyewe, dirishani.

Mtoto tumemwambia anakwenda kumwona mama aliyemzaa, na ana dada na kaka. Ameuliza kama wana kuku. Nimemwambia sijui. Kama unajua, mwandalie jibu, kwa sababu atauliza tena. Mwanaheri amemshonea gauni na kukunja zile za zamani zote. Tangu jana anamwita Kaneza. Mtoto anageuka nyuma kuangalia nani anaitwa, lakini mara tatu za mwisho ameitika.

Nina wasia mmoja wa kikazi. Databesi yako sasa imekamilika kwa mara ya kwanza tangu Desemba ile. Jumatatu tukishamalizana, mbele ya mama huyo, badilisha pale palipoandikwa mtoto yuko kwa nani. Kisha chukua bakapu nzima saa ile ile, na nakala yake moja ikae mbali na mkono wa mtu mmoja. Najua utaratibu niliouacha ni wa Ijumaa. Usingoje Ijumaa.

Hilali Khatibu
Fundi